Kutafuta Mlevi Mwenzangu

Mara ya kwanza nilipoenda kutafuta mkutano, nilizunguka ua wa kanisa mara tatu nikijifanya naongea kwa simu. Ilikuwa Jumanne jioni, Thika, mwezi wa Aprili, mvua imetoka kunyesha na ua wote ni matope. Kwenye ukumbi mkubwa kulikuwa na kwaya. Kwenye chumba cha pili akina mama walikuwa wakihesabu pesa za chama. Chumba cha tatu kilikuwa na kufuli. Soja wa getini alinitazama nikizunguka hadi akachoka.

"Kijana, unatafuta nani?"

"Natafuta mkutano, mzee."

"Mkutano gani? Wa kwaya?"

"La. Ule mwingine."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi uso. "Wale wa Jumanne," akasema, kwa sauti ile ile ambayo angemwelekeza mtu chooni. "Pitia nyuma ya jikoni, mlango wa kijani. Lakini umechelewa. Saa moja wanatoka."

Saa ilikuwa moja kasoro dakika tano. Nilimshukuru, nikatoka getini, na hiyo wiki nikalewa siku nne. Jumanne iliyofuata nilirudi saa kumi na moja unusu. Soja hakuniuliza kitu. Alielekeza kidole tu, nyuma ya jikoni.

Wacha niseme mapema mimi ni nani, ili usidhani naandika haya nikiwa mtafiti. Nina miaka ishirini na sita. Nilikuwa chuo kikuu nikisomea ualimu, Historia na Kiswahili, na niliacha mwaka wa tatu. Watu wakiniuliza kwa nini, nilikuwa nasema karo. Ni kweli, ila nusu. Mama yangu ana majani chai kidogo huko juu Gatanga. Bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, na mwaka huo alinitumia yote kwa simu ilipie muhula: shilingi 32,000. Nilizimaliza kwa siku 19. Nikachukua risiti ya karo ya rafiki yangu, nikaipiga picha nikiwa nimefunika jina kwa kidole gumba, nikamtumia. Mama alijua ukweli miaka miwili baadaye, aliponipigia kuuliza mahafali ni lini ili apeleke kitambaa kwa fundi.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba mwaka wa pili nilikuwa nimeandika kazi ya kozi kuhusu sheria za pombe wakati wa mkoloni. Niliiandika nikinywa. Nilipata alama 68, nikasherehekea siku tatu. Kwa hivyo historia ya pombe Kenya nilikuwa naijua. Kile sikuwa najua ni historia ya ule mlango wa kijani, na nilipoingia ndani na kukalia kiti cha plastiki, swali langu la kwanza lilikuwa swali la mwanafunzi: hii kitu ilitoka wapi?

Ilitoka kwa mtu aliyekuwa anatafuta, kama mimi.

Mei 1935, Bill Wilson, umri miaka 39, alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mtu wa soko la hisa New York ambaye pombe ilikuwa imemmaliza jina. Alikuwa ameenda Akron kupigania uongozi wa kampuni moja ya mitambo, na upande wake ukashindwa. Alikuwa amebaki na dola kama kumi hivi mfukoni, wikendi imefika, mji si wake. Alikuwa na miezi mitano bila kunywa. Upande mmoja wa ule ukumbi kulikuwa na baa, na vicheko vilikuwa vinamfikia. Upande wa pili kulikuwa na simu, na kando yake orodha ya makanisa ya mji.

Mtu yeyote ambaye amewahi kusimama steji na mshahara mfukoni anajua hiyo njia panda.

Wilson alienda kwa simu. Alimpigia mchungaji mmoja, Walter Tunks, akamwambia anatafuta mlevi wa kuongea naye. Fikiria wewe ni mchungaji, na mtu usiyemjua anakupigia Jumamosi kukuomba mlevi. Tunks hakukata simu. Alimpa majina ya watu wa kujaribu, na baada ya kupiga huku na kule Wilson akafikia mama mmoja, Henrietta Seiberling, ambaye alikuwa mke wa mtoto wa mwanzilishi wa kampuni ya magurudumu ya Goodyear. Huyo mama alikuwa na rafiki daktari wa upasuaji, Bob Smith, umri miaka 55, ambaye kwa muda alikuwa akimwombea aache kunywa. Siku hiyo Daktari Bob hangeweza kuongea na mtu. Kesho yake ilikuwa Siku ya Akina Mama, na alikuwa amemletea mkewe ua kwenye chungu, kisha akaanguka kulala, mlevi chakari.

Walikutana Jumapili, tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwa huyo mama. Daktari Bob alikuja akitetemeka, na alikuwa ameshasema atampa huyu mgeni dakika 15. Waliachana saa tano usiku ikiwa imepita.

Waliongea nini saa sita nzima? Hapa ndipo mimi nilisimamisha kusoma nikaweka simu chini. Kwa miezi mitano Wilson alikuwa amezunguka New York akiwahubiria walevi, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Mkewe Lois alikuwa amemwonyesha kwamba angalau yeye mwenyewe alikuwa hajanywa muda wote huo. Daktari aliyemtibu New York, William Silkworth, alikuwa amemshauri apunguze mahubiri na aanze na ugonjwa wenyewe. Basi kwa Daktari Bob hakuhubiri. Alieleza yake: jinsi alivyokunywa, jinsi alivyojaribu kuacha, jinsi alivyorudi. Daktari Bob alikuwa amesoma kuhusu ulevi, alikuwa ameshauriwa na kila mtu, alikuwa amekaa kwenye vikundi vya maombi. Baadaye alieleza kwamba Wilson ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kuongea naye kuhusu ulevi akijua anachosema kwa kuupitia. Tena Wilson hakuwa amekuja kumsaidia. Alikuja kwa sababu alihofia akikaa peke yake ataingia kwa ile baa.

Daktari Bob alianguka tena mara moja, alipoenda mkutano wa madaktari mjini Atlantic City. Aliporudi alikuwa na upasuaji wa kufanya, na mikono ilikuwa inatetemeka, kwa hivyo asubuhi hiyo Wilson alimpa chupa moja ya bia ili atulie. Ilikuwa tarehe 10 Juni 1935. Hakunywa tena hadi alipokufa mwaka wa 1950. Hiyo tarehe ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambayo kila mtu huiita AA. Baada ya hapo wote wawili walienda hospitali kutafuta mtu wa tatu.

Hawakuwa wa kwanza kugundua hii siri. Mwaka wa 1840, mjini Baltimore, wanywaji sita walikuwa wamekaa baa wakakubaliana kuacha pamoja, wakaanza chama na kukiita jina la George Washington. Kila mwanachama alisimama akaeleza maisha yake, kisha akaenda kuleta mwingine. Chama kilienea kama moto wa nyika, na mamia ya maelfu ya watu wakatia sahihi kiapo. Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, alikihutubia mjini Springfield mwaka wa 1842. Miaka michache baadaye kilikuwa kimeisha. Wanasiasa walikiingilia, wahubiri wakakigombania, wengine wakataka kiwe chama cha kupiga marufuku pombe nchi nzima. Kazi ya mlevi mmoja kumtafuta mwingine ikasahaulika huku wakubwa wakipigania jukwaa.

Ukijua hiyo stori, unaelewa kwa nini mlango wa kijani hauna kibao. AA walichapisha kitabu chao mwaka wa 1939, na mwaka wa 1941, baada ya makala moja kwenye gazeti la Saturday Evening Post, wanachama waliruka kutoka kama 2,000 hadi kama 8,000. Umaarufu ukaja na wasiwasi wake. Basi wakatengeneza desturi kumi na mbili, zikapitishwa Cleveland mwaka wa 1950. Hawapokei pesa kutoka nje. Hawana msimamo wa kisiasa, hata kuhusu sheria za pombe. Hawajitangazi kwa majina. Na sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna fomu. Hakuna anayekuuliza kitambulisho. Kofia hupitishwa, unaweka mia au huweki.

Gharama ya hiyo hekima ni kwamba wewe unayetafuta utazunguka ua wa kanisa mara tatu.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu nilipokuwa nasoma haya nilikuwa najiuliza sisi tulikuwa wapi. Na nilipofukua ile kazi yangu ya kozi, niliona kwamba Kenya tuna historia ndefu sana ya pombe, na karibu yote imeandikwa na askari na mtoza kodi.

Kabla ya mkoloni, kila jamii ilikuwa na taratibu zake. Kwetu muratina ilikuwa ya wazee, ya ruracio na baraka, na kijana hakupewa tu kibuyu akaachiwa. Magharibi wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mtu na mrija wake mrefu. Pwani mgema alikuwa na mnazi wake. Sisemi hakukuwa na walevi. Nasema mlevi alikuwa na watu waliokaa naye kwenye chungu, na hao hao ndio walimwona akizidisha.

Mkoloni alikuja na kalamu. Mwaka wa 1890, mkataba wa Brussels uliamua kwamba pombe kali isiuzwe kwa wenyeji katika sehemu kubwa ya Afrika. Kenya, Mwafrika alikatazwa wiski ya Mzungu na hata bia yake ya chupa. Bia ilianza kutengenezwa Nairobi mwaka wa 1922, lakini Mwafrika aliyeibeba kreti hakuruhusiwa kuinywa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huo huo, miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilikuwa limejenga ukumbi wake wa pombe ya kienyeji Pumwani, likafukuza wanawake waliokuwa wakipika nyumbani, na faida ikaenda kulipia huduma za Waafrika mjini. Soma hiyo tena polepole. Mtu wa Pumwani alilipia huduma zake kwa kulewa. Kibera, wanawake Wanubi walikuwa wakipika jini yao kwa siri, na askari wakawa wanakuja usiku.

Uhuru ulipofika, askari hakubadilisha njia. Mathare, akina mama waliolea watoto kwa busaa walikamatwa, wakatoa kitu kidogo, wakarudi kupika. Mwaka wa 1980 bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Chang'aa haikuisha, ilihamia gizani. Na gizani mtu huweka chochote. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na waliobaki wengine wakapofuka. Wanywaji waliiita kumi kumi kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi.

Mwaka wa 2010 ikaja ile ambayo wengi tunaiita Sheria ya Mututho. Chang'aa ikahalalishwa, mradi ipikwe kwa leseni na kuwekwa kwenye chupa, na baa zikapewa saa: kumi na moja jioni hadi tano usiku. Mwaka wa 2013 serikali ikarudisha ushuru mkubwa kwa bia ya kegi, ambayo ilikuwa imesamehewa kodi tangu 2004 ili maskini aachane na sumu. Bei ikapanda, mauzo yakaanguka. Mei 2014 methanoli ikaua tena, zaidi ya watu 80, Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Julai 2015 rais akaamuru pombe haramu imwagwe eneo la kati, na tukaona kwenye runinga wabunge na vijana wakivunja milango ya baa. Mwaka wa 2018 hapa Kiambu tukawa na mpango wa Kaa Sober, ambapo vijana walevi walipewa kazi za kusafisha mitaro na kulipwa shilingi 400 kwa siku. Vijana wawili wa mtaa wetu walijiandikisha. Februari 2024, Kirinyaga, zaidi ya watu 10 wakafa tena.

Sitaki kudharau sheria. Methanoli ni sumu, na anayeiuza anaua. NACADA wana laini ya simu ya bure, 1192, na kuna watu wamesaidika kupitia hiyo. Lakini panga hizo tarehe zote kwenye mstari uone zinauliza nini. Pombe ni ya nani? Imepikwa wapi? Ushuru wake ni ngapi? Baa ifungwe saa ngapi? Kwa miaka zaidi ya mia moja, dola imeongea na mpishi, na muuzaji, na chupa yenyewe. Mnywaji anaingia kwenye historia yetu akiwa maiti, akiwa mahabusu, au akiwa mteja. Mimi nimekuwa hao wawili wa mwisho.

Ndiyo maana ile simu ya Akron ilinishika. Ilikuwa ni mara ya kwanza nasoma historia ya pombe ambayo mlevi ndiye anayeuliza.

Ya ndani ya mlango wa kijani sitayasema, kwa sababu yanayosemwa pale hubaki pale. Nitasema yangu tu. Kulikuwa na viti kumi na vinne na watu tisa, chai ya thermosi, na mandazi ambayo yalikuwa yamelala. Watu walizungumza wakichanganya, Kiswahili, Kikuyu, Kiingereza, kama tu kwenye matatu. Na nilipofikiwa, nilikwama kwenye neno.

Kiingereza kina neno la hospitali na kina neno la mtaani. Magazeti yetu siku hizi yanasema mraibu wa pombe, na ni neno zuri, halina matope. Lakini hakuna mtu amewahi kunifukuza kwa mlango wake akiniita mraibu. Nimeitwa mlevi. Nimeitwa na kondakta, na mwenye nyumba, na mjomba wangu mbele ya watoto wake. Kwa Kiswahili hilo neno ni tusi, na ndani ya kile chumba watu walikuwa wanalisema wenyewe, kwa hiari, wakiwa wameshika kikombe cha chai. Nilisema jina langu, nikasema mimi ni mlevi, na watu wanane wakaniitikia karibu. Nililia. Halafu nikala mandazi matatu, kwa sababu sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Sitaki udhani ni dawa ya kila mtu. Hatua zao kumi na mbili zinataja Mungu, ingawa wanakuachia umwelewe utakavyo, na nimeona mtu akitoka kwa sababu hiyo asirudi. Wengine wanahitaji daktari, na hilo naomba ulisikie vizuri: kama unakunywa kila siku na ukikosa unatetemeka, unatoka jasho au unaona vitu, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili unaweza kuingia kifafa, na watu hufa. Wilson mwenyewe alianzia kitandani hospitalini, Desemba 1934. Nenda hospitali kwanza, mkutano utakungoja. Lakini pia si imani tupu. Mwaka wa 2020 uchambuzi wa Cochrane, ambao hukusanya tafiti za kitabibu na kuzipima pamoja, uliangalia tafiti 27 na kuona kwamba AA, na matibabu yanayomwelekeza mtu huko, husaidia watu kukaa bila kunywa kwa kiwango sawa na matibabu mengine yaliyozoeleka, na mara nyingi kuyapita.

Kwangu, ushahidi ni Ijumaa moja ya Juni. Nilikuwa nimelipwa makala, shilingi 6,500, ujumbe ukaingia nikiwa steji. Kutoka pale nilipokuwa hadi nyumbani kuna maduka ya pombe saba, nayajua kama ninavyojua vituo vya Njia ya Msalaba. Nilikuwa na siku 51. Nilisimama. Kulikuwa na mzee mmoja wa mkutano aliyekuwa amenipa namba yake wiki ya kwanza akisema, usinipigie ukishalewa, nipigie kabla. Amenikubalia niandike hili mradi nisitaje jina wala kazi yake.

Nilimpigia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za kinu cha kusaga unga.

"Uko wapi?"

"Steji, mzee."

"Umelipwa?"

"Nimelipwa."

Akanyamaza kidogo. "Umekula?"

"Bado."

"Ingia hoteli yoyote hapo karibu ule ugali. Uketi. Ukimaliza nipigie."

Nilikula ugali matumbo, shilingi 150, nikampigia. Tuliongea dakika arobaini. Kwa dakika thelathini na tano aliniambia kuhusu kuku wake, na mwewe, na jirani anayekataa kujenga ua. Zile tano zilizobaki aliniambia Ijumaa yake moja, ya zamani, na pesa za mtoto wake. Sikujua mtu mwingine duniani alikuwa amefanya kitu kama changu. Nilipita yale maduka saba nikiwa bado namsikia.

Oktoba ilipofika nilimtumia mama shilingi 3,000. Alinipigia papo hapo.

"Hizi ni za nini?"

"Ni za ile bonasi, mama. Nitaendelea kuleta."

Hakusema asante, na sikuitarajia. Aliniuliza kama bado naenda kwa ile mikutano. Nikasema naenda. Akasema kwao juu kuna baridi mwaka huu, chai haikui vizuri, kisha akasema simu yake inaisha chaji. Nimeshatuma 9,000. Bado 23,000, na bado kile kitambaa, ambacho sijui alikipeleka wapi na sijapata ujasiri wa kuuliza.

Sasa nina miezi kumi na moja. Nafika Jumanne saa kumi na moja, napanga viti, nachemsha maji. Soja siku hizi ananiita mwalimu, ingawa nimemweleza kwamba sikumaliza.

Wiki jana nilikuwa nachota maji kwenye mfereji wa uani nikamwona dada mmoja, rika langu hivi, sweta ya shule aliyofunga kiunoni labda ni ya mtoto wake. Alikuwa anazunguka na simu sikioni. Alipita kwaya, akapita chama cha akina mama, akasoma bango la harusi lililopitwa na wakati kana kwamba anatafuta jina lake. Kioo cha simu yake kilikuwa kimezima. Soja alinitazama, nami nikamtazama.

Niliweka ndoo chini nikamkaribia, si sana.

"Ni nyuma ya jikoni," nikamwambia. "Mimi pia ndiko naenda. Nisaidie na hii ndoo."

Alisita, akaangalia geti, halafu akashika upande mmoja wa mkono wa ndoo.